Doti Kumi kwa Siku: Watoto na Hesabu za Njia ya Misafara

Januari 1871 Henry Morton Stanley alishuka Unguja, akiwa ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta David Livingstone. Kitu cha kwanza kilichomtoa jasho hakikuwa simba wala homa, bali hesabu. Huko bara dola zake hazikuwa na wa kuzipokea. Chakula kilinunuliwa kwa nguo, shanga na waya, na yeye hakujua abebe kiasi gani. Akichukua kidogo, watu wake watalala njaa njiani. Akichukua kingi, atahitaji wapagazi zaidi wa kukibeba, na wapagazi hao nao wana matumbo.

Aliyemtoa kwenye kitendawili hicho ni mfanyabiashara mmoja Mwarabu aliyezijua safari za bara. Alimweleza kwamba watu mia moja hutosheka na chakula cha doti kumi za nguo kwa siku. Doti moja ni yadi nne, kwa hiyo yadi 40 zinaondoka kila kunapokucha. Stanley akaandika mahitaji ya mwaka mzima: doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za vitambaa vya rangi. Zijumlishe, utapata 3,650. Gawa kwa siku 365, na kumi ya yule Mwarabu inarudi vilevile ilivyotoka.

Mwalimu wa darasa la sita au la saba anayetafuta namna ya kuanza aljebra asingeomba zaidi ya hapo. Idadi ya siku za safari hakuna aliyeijua: Livingstone angeweza kupatikana baada ya miezi sita au baada ya miaka miwili. Doti za siku moja, kwa watu mia moja, zilikuwa kumi. Kile kinachoweza kuchukua thamani hii leo na nyingine kesho ndicho wanahisabati wanakiita kigeu. Kile kinachobaki palepale wakati mwenzake anahama ni kisobadilika. Jumla ya doti ni kumi mara siku, basi. Mtoto akiweka 30 mahali pa siku anapata 300, akiweka 90 anapata 900, na kumi haijasogea.

Tatizo la madarasa mengi ni kwamba herufi hutangulia jambo. Mwanafunzi anakuta x ubaoni, anaambiwa ni namba isiyojulikana, anaambiwa aitafute, anaitafuta. Wiki ya pili x ileile inakuwa namba nyingine, na hakuna aliyemweleza kwa nini imebadilika. Akifika kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia nayo inageuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na mtoto anabeba mizigo miwili kwa mara moja. Ndiyo maana inafaa dhana ikae mikononi kabla haijafika kwenye daftari. Kwa mtoto wa Tabora vifaa viko jirani, kwa sababu mji wake ulikua kwa biashara ya kupima, kugawa na kubeba.

Tabora, ambayo wageni wa karne ya 19 waliiandika Kazeh au Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu kati ya Bagamoyo na Ujiji. Hapo misafara ilipumzika, wapagazi walilipwa na wengine wakaajiriwa upya, wengi wao Wanyamwezi waliofanya upagazi kuwa kazi ya heshima. Posho ya mpagazi ilipimwa kwa kibaba, na kibaba kimoja cha nafaka ndicho kilichohesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa siku. Vibaba vinne vinafanya pishi.

Safari hiyo inaweza kurudiwa kwenye uwanja wa shule kwa kopo moja na ndoo ya mtama. Kopo linakuwa kibaba. Watoto watano wanakuwa wapagazi, mmoja anakuwa mtunza stoo, mstari wa chokaa unakuwa njia, na kila hatua kumi ni siku moja. Kila siku inapoisha mtunza stoo anatoa makopo matano, na mtoto mwingine anaandika ubaoni kilichobaki. Baada ya siku tatu hakuna haja ya kueleza sana; wenyewe wanaona kwamba namba ya siku inapanda, ya stoo inashuka, na tano imetulia. Hapo mwalimu anaongeza mpagazi wa sita. Kelele zinazofuata ndizo somo lenyewe: ile tano waliyodhani haitikisiki imekuwa sita, na mahesabu yote ya mbele lazima yaandikwe upya. Kilichobaki bila kuguswa ni kopo moja kwa kila mtu.

Watoto huelewa haraka kwamba vitu hubadilika, kwani maisha yao yote ni kubadilika: urefu, viatu, bei ya andazi. Kinachowapa shida ni kile kisichobadilika, na hasa swali la nani ameamua kisibadilike. Wakati mwingine asili ndiyo imeamua. Mara nyingi ni makubaliano ya watu, na makubaliano huvunjika.

Stanley mwenyewe alilijua hilo kwa gharama. Kumi yake ilikuwa nzuri kwenye karatasi ya Unguja. Njiani kulikuwa na Ugogo, ambako watawala walitoza hongo kila msafara uliopita, na kiwango kilitegemea nguvu ya anayetoza na haraka ya anayepita. Alifika Unyanyembe Juni 1871 akakuta mtawala wa Kinyamwezi, Mirambo, amefunga njia ya kwenda Ujiji, akaingia kwenye vita visivyomhusu, akashindwa, na akaondoka Septemba kwa kuzunguka upande wa kusini. Kwa majuma yote hayo watu waliendelea kula. Mwanafunzi anaweza kupewa swali hilo kama lilivyo: ukikaa Tabora miezi mitatu usiyoipanga, na watu wako ni mia moja, umekula doti ngapi? Jibu ni karibu 900, yaani robo ya nguo za mwaka mzima.

Nguo zenyewe zilipimwa kwa mkono. Mkono mmoja ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka, minane ni doti. Sasa waambie wanafunzi arobaini wapime urefu wa dawati moja kwa mikono yao na kila mmoja aandike jibu lake. Mrefu wa darasa ataandika namba ndogo, mfupi namba kubwa, na mwalimu akijaribu atapata ndogo kuliko zote. Dawati halijarefuka wala kufupika. Swali linalofuata huwa na majibu ya kuchekesha: kama wewe ndiye unayenunua nguo, ungependa ipimwe kwa mkono wa nani? Na kama ndiye unayeuza? Mtoto wa miaka kumi na moja anajibu bila kufikiri mara mbili, na bila kujua ameshaeleza kwa nini dunia ikatengeneza mita.

Mjadala huo unaweza kuishia sokoni. Kila mkulima wa Tabora anaijua lumbesa, gunia linalojazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu, na bado likahesabiwa kuwa gunia moja. Wakala wa Vipimo na viongozi wa mikoa wameipiga marufuku kwa miaka na miaka, na bado inarudi. Kwa hisabati, lumbesa ni kigeu kilichovaa nguo za kisobadilika: bei inatajwa kwa gunia kana kwamba gunia ni kitu kimoja, huku ukubwa wa gunia ukiamuliwa na mnunuzi. Darasa lenye mizani ndogo na vifuko vya mchanga linaweza kuigiza biashara hiyo kwa dakika ishirini, na watoto wenye wazazi wakulima watakuwa wepesi kuliko wenzao.

Kuna chombo kingine ambacho kingetakiwa kuwa katika kila darasa la hisabati Afrika Mashariki, na kwa bahati mbaya kimeachiwa wazee wa kijiweni. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Katika mchezo rahisi wa wanaoanza, kila shimo linapewa kete mbili, na mchezo unaanza. Kete zinatembea, zinaliwa, zinarudishwa upande wa mlaji, shimo lililokuwa na mbili linakuwa na tisa, lililokuwa na tisa linakauka. Ila hakuna kete inayotoka nje ya bao. Simamisha mchezo wakati wowote, hesabu yote, ni 64. Ukipata 63, ama kete imebingirika chini ya benchi au kuna mtu wa kuhojiwa.

Zoezi lenyewe ni la watoto wawili na kipande cha kanga. Mchezo unasimamishwa katikati, upande mmoja unafunikwa, na anayetazama anahesabu upande ulio wazi. Tuseme amepata 27. Je, chini ya kanga kuna ngapi? Wengi hujaribu kuchungulia kwanza. Kisha mmoja anatoa 27 kwenye 64 na kutangaza 37, kanga inafunuliwa, na zinahesabiwa moja moja kwa sauti. Hapo ndipo x inaweza kuingia kwa adabu, ikiwa na kazi ya kufanya: x + 27 = 64.

Na hapo pia inaonekana tofauti ambayo vitabu vingi huipita mbio. Kanga ikiwa imefunika na mchezo umesimama, x ni namba moja tu iliyojificha. Mchezo ukiendelea, namba ya upande huu na ya upande ule zinapanda na kushuka kila mkono unapopita, lakini zimefungwa pamoja: huyu akiongeza tano, yule amepungukiwa tano. Hivyo ni vigeu viwili vyenye jumla isiyobadilika. Aliyecheza bao mwezi mmoja hahitaji kuchorewa jedwali ili aone hilo. Asiye na bao la mbao achimbe mashimo mchangani na kuokota kokoto.

Duara lina kisobadilika cha aina nyingine, kile ambacho hakuna serikali wala mfanyabiashara anayeweza kukigusa. Tabora ni mji wa baiskeli. Paka chokaa tone moja kwenye tairi la nyuma, weka baiskeli kwenye sakafu ya saruji na usukume taratibu mpaka tone lirudi chini. Kwa baiskeli kubwa ya kawaida, yenye gurudumu la kipenyo cha karibu sentimita 70, mstari utakuwa wa mita 2 na sentimita 20 hivi. Fanya vivyo hivyo kwa baiskeli ya mtoto, kisha kwa uzi kwenye mfuniko wa sufuria, mdomo wa ndoo, hata mzinga wa gome la mti, kwani mkoa huu wa miombo ni wa asali na mizinga si haba. Gawanya kila mzingo kwa kipenyo chake. Majibu yatakuwa 3.1, 3.2, pengine 3.0 kwa aliyelegeza uzi. Vitu vyenyewe havifanani hata kidogo, lakini majibu yanasongamana mahali pamoja.

Mwalimu asikimbilie kusema "ni pai, 22 kwa 7". Ni bora watoto wabishane kwanza kwa nini wa ndoo alipata 3.3, wapime tena, wagundue kwamba uzi ulipita juu ya mkono wa ndoo. Namba waliyoitolea jasho huwa wanaikumbuka.

Kisha kuna maji ya kuchemka, na hapa Tabora ina hadithi yake ambayo haisimuliwi vya kutosha. Karibu kila mwanafunzi hukariri kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Weka sufuria kwenye jiko la mkaa, tumbukiza kipimajoto cha maabara (si kile cha kupimia homa, ambacho kitapasuka), na mtu mzima asimamie. Maji yakianza kutokota, kipimo kinasimama. Ongeza mkaa, pepea, maji yaruke, kipimo hakipandi. Moto ni kigeu, nyuzi zimegoma. Lakini zimegoma wapi? Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, nayo huchemka mapema. Kwa makadirio, kila ukipanda mita 300 unapoteza nyuzi moja. Wa Dar es Salaam anapata 100, wa Tabora 96, na wa Mbeya chini zaidi. Maharage ya huko juu hukaa motoni zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh Novemba 1857, na miongoni mwa mizigo yao kulikuwa na vipimajoto vya kazi hiyo. Kwa kuwa kiwango cha kuchemka hubadilika kwa mwinuko, mtu anayekijua anaweza kurudi nyuma na kuupata mwinuko. Mwaka 1858 Speke alitoka Kazeh kuelekea kaskazini, akafika kwenye ziwa ambalo leo ni Viktoria karibu na Mwanza, akachemsha maji na kukadiria kwamba uso wa ziwa uko futi 3,740 juu ya bahari. Hakukosea kwa kitu cha kutaja. Vipimo vya leo vinatoa kiasi cha mita 1,134, sawa na futi 3,720. Kabla ya hapo, kwenye Ziwa Tanganyika, alipata kama futi 1,844, yaani pungufu ya kweli kwa zaidi ya mita 200. Kanuni ilikuwa ileile na mtu yuleyule. Kipimajoto ndicho kilichokuwa kibovu. Darasa likisikia habari hizo mbili kwa pamoja, mwalimu ana nafasi nzuri ya kuuliza ni kipi kati ya vyote Speke alidhani hakibadiliki, kumbe kilikuwa kinamchezea.

Swali hilo ndilo moyo wa jaribio lolote la sayansi: badilisha kitu kimoja, shikilia vingine vyote. Kwa maneno ni rahisi. Watoto wakipewa makopo manne, udongo na mbegu za maharage wachunguze maji yanafanya nini kwenye uotaji, karibu kila kundi litaweka kopo moja dirishani na jingine kwenye kona, au litapanda mbegu moja kina cha kidole na nyingine juu juu. Mwishoni wana mimea mirefu na mifupi na hawawezi kusema ni maji, jua au kina. Jaribio hilo lililoharibika lina faida kuliko lililoenda sawa, ilimradi mwalimu asilitupe. Aandike ubaoni orodha ya vitu vyote vilivyotofautiana, na kundi lianze upya.

Mtanzania aliyeufundisha ulimwengu ugumu wa kushikilia vitu vyote sawa alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa finyu, Mpemba akayaweka yakiwa ya moto. Yaliganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, huku wenzake wakimcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba hadi leo. Mpemba mwenyewe aliishia kuwa afisa wanyamapori.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walirudia vipimo kwa uangalifu na hawakuona ushahidi wa kutosha. Waligundua kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kunaweza kuleta tofauti inayofanana na athari hiyo. Wengine hawakubaliani nao. Shule yenye jokofu na vikombe viwili vinavyolingana inaweza kuingia kwenye ubishi huo wiki ijayo, na kazi kubwa ya watoto itakuwa kuandika mapema vitu ambavyo lazima vilingane: ujazo wa maji, umbo la kikombe, rafu ya jokofu, mara ngapi mlango umefunguliwa.

Kompyuta nazo zinaishi kwa vigeu, na shule isiyo na kompyuta hata moja bado inaweza kufundisha hilo. Vikombe vinabandikwa karatasi zenye majina: "alama", "umri", "siku". Ndani ya kila kikombe kinakaa kikaratasi kimoja cha namba, na sheria ni moja: ukiingiza kipya, cha zamani kinatoka na kupotea. Kikombe kimoja kinafungwa kwa gundi na kuandikwa "dakika katika saa". Humo 60 haitoki. Mtoto mmoja anasoma maagizo, mwingine anayatekeleza bila kufikiri, kama mashine. "Chukua kilichomo kwenye alama, ongeza tano, rudisha." Baada ya maagizo kumi darasa linabashiri kilichomo kabla kikombe hakijafunguliwa.

Halafu linakuja la kuwapima: kikombe A kina uji, B kina maji, vibadilishane vilivyomo bila kuchanganya. Wanazunguka meza, wanabishana, mmoja anapendekeza kumimina vyote kwa pamoja hewani. Wanaoandika programu hukutana na kizuizi hichohicho wanapobadilisha thamani za vigeu viwili. Kwa kawaida haipiti dakika tano kabla ya mtoto kuomba kikombe cha tatu.